Muhogo mchungu haujulikani kwa majani yake

Mnamo Septemba 2017, watu waliokuwa wamehudhuria mazishi katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, walikimbizwa hospitalini wakitapika na kuharisha muda mfupi baada ya kula. Kabla ya mkasa huo kwisha, wagonjwa walikuwa wamefika 98, na wawili kati yao wakaaga dunia. Walichokula ni ugali wa muhogo. Unga ulipopimwa ulionekana kuwa na sianidi kiasi cha miligramu 88 katika kila kilo, ilhali kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni miligramu 10. Wachunguzi waliufuata unga huo kutoka madukani hadi kwa mfanyabiashara wa jumla, na kutoka kwake hadi Tanzania ulikotoka.

Mimi si tabibu wala mtaalamu wa mimea. Kazi yangu ni isimu, na huenda msomaji akauliza mwanaisimu ana shughuli gani na sumu ya muhogo. Jibu langu ni kwamba mkasa wa Kasese, ukiuchunguza vizuri, ni mkasa wa uainishaji. Unga ulivuka mpaka, ukapita mikono mingi, lakini habari ya kuwa umetokana na muhogo wa aina gani haikusafiri nao. Hilo ni suala la majina, na majina ndiyo riziki yangu.

Tuanze na wataalamu wenyewe. Mwaka 1766 Crantz aliupa muhogo jina la Kilatini ambalo ndilo tunalolitumia hadi leo, yaani Manihot esculenta. Miongo sita baadaye, mwaka 1827, Johann Pohl wa Austria, aliyekuwa amesafiri kwa miaka mingi nchini Brazil, aliona kwamba jina moja halitoshi. Muhogo mchungu akauita Manihot utilissima, na ule usio mchungu akauita Manihot aipi. Hilo neno la mwisho hakulibuni. Wenyeji wa Brazil, wasemaji wa lugha ya Tupi, walikuwa na jina lao la muhogo usiodhuru, na mpaka sasa Wabrazil husema aipim au macaxeira wanapokusudia ule wa kuchemsha na kula, na mandioca brava, yaani mandioca kali, wanapokusudia ule wenye sumu. Pohl aliyafuata masikio yake, akayageuza maneno ya wakulima kuwa spishi mbili.

Kwa muda mrefu vitabu vilifuata mgawanyo huo. Lakini kila wataalamu walipojaribu kutafuta alama ya mwilini ya kuitenga spishi moja na nyingine, hawakuipata. Maua ni yale yale, mbegu ni zile zile, na miche ya aina zote mbili huzaana bila kizuizi. Rogers na Appan, walipochapisha mwaka 1973 kitabu chao kikubwa kuhusu jenasi ya Manihot, waliuacha muhogo wote chini ya spishi moja. Mwaka 1999 Olsen na Schaal wakaenda mbali zaidi. Walizisoma jeni zenyewe, wakaonyesha kwamba muhogo wetu unatokana na mmea wa mwituni ambao bado unaota katika ukingo wa kusini wa bonde la mto Amazon. Kwa hiyo kisayansi hakuna mihogo miwili. Kuna mmoja, wenye aina chungu nzima. (Neno "chungu" hapo msomaji asilichanganye na lile la uchungu, ingawa kwa muhogo yote mawili yangefaa.)

Hapa ndipo mwanaisimu anapoanza kutabasamu, kwani sisi pia tuna ugonjwa huo huo. Tunaziainisha lugha za Kibantu kwa herufi na nambari, Kiswahili kikiwa G42 katika orodha ya Guthrie, kisha tunagombana miaka na miaka kama hii ni lugha au ni lahaja. Tofauti ni kwamba mtu hafi kwa kukosea baina ya lahaja na lugha.

Kiswahili chenyewe kimeushughulikia muhogo kwa namna ya pekee. Mti wa matunda kwa kawaida huwa na jina lake na tunda likawa na lake. Tunasema mwembe na embe, mchungwa na chungwa, mnazi na nazi. Muhogo hauna utengano huo. Unaoota shambani ni muhogo, na unaochimbwa ardhini ni muhogo. Utengano tumeupeleka kwingineko, katika majani, ambayo ni kisamvu, na katika hatua za mapishi, ambapo kuna makopa, udaga na bada. Kuhusu sumu tunategemea kivumishi tu: muhogo mchungu na muhogo mtamu. Na huo "utamu" si wa sukari. Maana yake ni kukosa uchungu, basi.

Lakini tusidhani kwamba wenye lugha hawakuangalia vizuri. Wapishi wa pwani ya Tanzania wana kitu kiitwacho kisamvu cha mpira. Haya ni majani ya mti mwingine kabisa, Manihot glaziovii, ulioletwa kutoka Brazil na kupandwa Tanganyika enzi za Wajerumani kwa ajili ya utomvu wa kutengenezea mpira. Mti huo ni mrefu na mizizi yake hailiwi kama muhogo, lakini mpishi aliyatazama majani yake, akayatwanga, akaona kwamba ni jamaa ya kisamvu. Watafiti wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, walipotafuta katika miaka ya 1930 namna ya kuupa muhogo nguvu za kuhimili ugonjwa wa batobato, waliuzalisha pamoja na mti huo huo wa mpira. Mpishi na mtafiti walifika mahali pamoja kwa njia mbalimbali.

Sasa, yapo maumbile ambayo kwayo aina za muhogo hutambuliwa. Mtaalamu akiingia shambani huhesabu vidole vya jani, hutazama rangi ya kikonyo kama ni nyekundu au ya kijani, rangi ya shina, urefu kutoka ardhini hadi tawi la kwanza, ganda la mzizi na rangi ya nyama yake. Hizi ni alama nzuri, na mkulima huzitumia kila siku bila karatasi. Udhaifu wake ni kwamba mche mmoja ukipandwa penye rutuba na mwingine wa aina ile ile ukapandwa mchangani, huenda majani yakatofautiana kama ya watu baki. Kinyume chake, mihogo miwili isiyohusiana inaweza kufanana kama pacha. Ndiyo maana wataalamu waliongeza vipimo vya kemia, kwanza vimeng'enya, kisha vinasaba, ambavyo havibadiliki kwa sababu mvua imekosa kunyesha.

Naam, lakini hapa pana mtego. Vinasaba vitakuambia muhogo ni wa ukoo gani. Havitakuambia moja kwa moja kama chakula kilicho sahanini leo kitakudhuru, kwa sababu sumu yenyewe hubadilika. Katika seli za muhogo mmehifadhiwa kitu kiitwacho linamarini. Kikiwa peke yake kimetulia. Kando yake, katika kuta za seli, kuna kimeng'enya kinachoweza kukivunja. Muhogo ukikatwa, ukikunwa au ukitafunwa, vitu hivyo viwili hukutana, na mwisho wake ni sianidi. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi, kwa hiyo muhogo uliokunwa na kuachwa wazi huitoa hewani. Wakati wa ukame linamarini huongezeka, na muhogo uliozoeleka kuwa mpole huweza kuwa mkali. Yaani tabia ile ya kikemia ambayo Pohl aliichukua kuwa msingi wa spishi mbili hupanda na kushuka ndani ya mche mmoja.

Matokeo yake yameonekana zaidi ya mara moja, na si Kasese tu. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliua mazao mengine yote, ukabakia muhogo mchungu. Kwa njaa, watu walifupisha siku za kuuandaa. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walikakamaa miguu kwa ghafla, na miguu hiyo haikupona. Wamakua wanauita ugonjwa huo mantakassa. Daktari Trolli alikuwa ameuandika tangu 1938 huko Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji, kwa jina la Kiyaka ambalo ndilo lililoingia katika vitabu vya tiba, konzo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Katikati ya miaka ya 1980 ulizuka Tarime, mkoani Mara, hatua chache kutoka mpaka wetu wa Migori. Mwili una njia ya kuipunguza sianidi makali ikiwa mtu anapata protini ya kutosha. Anayekula muhogo mtupu hana kinga hiyo.

Nani basi anayejua muhogo upi ni upi? Nchini Malawi, Linley Chiwona-Karltun na wenzake waliwauliza wakulima, wengi wao wanawake, wakapima mizizi ile ile katika maabara. Walichoonja kuwa kichungu ndicho kilichokuwa na linamarini nyingi. Tena wanawake hao hawaupandi muhogo mchungu kwa kutojua. Nguruwe mwitu na nyani huukwepa, na mwizi haung'oi usiku kwa sababu hawezi kuuchemsha na kuula papo hapo. Wameuchagua wakijua, na wanajua pia ulowekwe siku ngapi. Ulimi haukosi kudanganyika, kwa kuwa King na Bradbury walionyesha mwaka 1995 kwamba kuna kitu kingine kisicho linamarini kinachoongeza uchungu, hasa katika ganda. Lakini kati ya macho na ulimi, ulimi ndio shahidi wa kutegemewa.

Ujuzi huo wote umefungwa ndani ya jina. Mama akitaja aina ya muhogo wake, jirani yake anasikia papo hapo ladha, miezi ya kukomaa, siku za kuloweka na mapishi yanayoufaa. Ni kamusi nzima katika neno moja. Jina hilo likivuka kilima kimoja hubadilika, likivuka milima miwili hupotea, na muhogo ukifika mjini umebaki umbo. Niliwahi kumwuliza mwuzaji katika soko moja la Nairobi muhogo wake unaitwaje. Akanitazama kama mtu asiye na kazi, akanijibu, "Mwalimu, muhogo ni muhogo." Hakuwa na kosa. Aliununua kwa gunia, na gunia halikuja na jina.

Vituo vya utafiti navyo vina lawama yao, ingawa ninaisema kwa heshima. Aina bora zilizotolewa na kituo cha Mtwapa zina majina ya kupendeza: Tajirika, Shibe, Karembo, Karibuni. Nzalauka ndilo linalonifurahisha zaidi, kwani kwa Kimijikenda ni kuiambia njaa iondoke. Sipingi utafiti huo, maana umewafaa wakulima wengi. Ninachosema ni kwamba majina haya ni ya kunadi. Hayamwambii mlaji lolote kuhusu ladha wala maandalizi, na yanapandwa kando ya aina za zamani kama Kibandameno, ambazo habari zake zimo vichwani mwa wazee. Mzee akiondoka, na mche ukiendelea kuota, tutakuwa na muhogo usio na maelezo.

Dawa ya jambo hili si ghali. Mtaalamu Howard Bradbury na wenzake nchini Australia walibuni karatasi ya manjano yenye pikrati ambayo huwekwa ndani ya kichupa pamoja na unga kidogo na maji, ikaachwa usiku kucha. Penye sianidi hugeuka rangi ya kahawia, na kadiri inavyokolea ndivyo sumu ilivyo nyingi. Kila kinu cha kusaga kinachonunua makopa kutoka mbali kingeweza kuwa nayo. Bradbury huyo huyo alionyesha pia kwamba unga ukichanganywa na maji, ukatandazwa mwembamba na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu iliyobaki hupungua sana kabla ya kusonga ugali. Sijui kwa nini jambo rahisi kama hilo halijafundishwa katika kila barasa la chifu kuanzia Kwale hadi Busia.

Kwa upande wetu wa lugha, kazi ipo na imechelewa. Wanafunzi wangu wanaotoka pwani na magharibi nimewapa zoezi la likizo. Kila mmoja akae na bibi yake na kuandika majina ya mihogo ya kijijini, akiyaacha katika lugha ya nyumbani bila kuyatafsiri. Mbele ya kila jina kuna safu za kujazwa: rangi ya kikonyo, ganda la mzizi, ladha ukiwa mbichi, ladha yake mwaka wa ukame, na siku za kuloweka. Orodha zikirudi nitazipeleka kwa wenzangu wa idara ya mimea, wapime mizizi yenyewe. Nimewaonya wanafunzi kuhusu safu ya ladha, kwamba aliyejifunza kuonja ni bibi, wao waandike tu.