Hedifoni na Sauti ya Kompyuta: Kikundi Kinunue Nini?

Vikundi vingi siku hizi vina kompyuta, ya kununua au ya kupewa. Mwanzoni ni ya barua na hesabu. Baadaye vijana wanasikilizia masomo, katibu anarekodi mikutano, na kwaya inataka kujisikia ilivyoimba. Hapo ndipo malalamiko huanza: sauti ni ndogo, ina mvumo, inakwaruza. Halafu mmoja anasema, "Tununue kile kisanduku cha sauti cha kuchomeka nje." Kabla mweka hazina hajatoa pesa za wanachama, tuelewane kwanza.

Ndani ya kompyuta sauti ni tarakimu tu. Sauti ya CD, kwa mfano, ni vipimo 44,100 kila sekunde kwa kila sikio. Lazima kuwe na kifaa cha kuzigeuza tarakimu hizo ziwe umeme, na kingine cha kuupa umeme huo nguvu ya kusukuma hedifoni. Zamani ulinunua kadi ya sauti kando, kama vile Sound Blaster iliyotoka mwaka 1989, maana kompyuta nyingi zilijua kulia "piip" tu. Leo kompyuta karibu zote huja na vifaa hivyo viwili ndani. Kisanduku cha nje kinafanya kazi ile ile, ila kinaifanyia mbali na kelele za umeme zilizo ndani ya kompyuta.

Ubaya wa sauti ya ndani ni majirani wake. Inakaa kwenye bodi moja na prosesa na vifaa vingine, na umeme wa hao huvuja ukaingia kwenye sauti. Mkisogeza mausi mkasikia mkwaruzo unaobadilika, basi ni hao. Hapo kisanduku cha nje husaidia kweli. Lakini kasoro nyingi hazitoki huko, na ndiyo maana tunasema mjaribu kwanza.

Chukueni hedifoni zile zile mzichomeke kwenye redio au simu yenye tundu. Zikikwaruza huko pia, kompyuta haina kosa: ni waya umekatika, mara nyingi pale karibu na plagi unapokunjwakunjwa, na fundi wa redio anaweza kuuchomelea. Zikiwa nzuri, rudini kwenye kompyuta. Kama ni laptopu, ondoeni chaja itumie betri. Mvumo ukiisha, ubaya uko kwenye chaja au kwenye stima ya nyumba isiyo na waya wa ardhini. Jihadharini hapa, kwa sababu kisanduku cha nje kinachokula umeme kupitia tundu la USB kinaweza kuuleta mvumo huo huo, na pesa zikawa zimekwenda bure. Kama ni kompyuta ya mezani, hamisheni plagi kutoka tundu la mbele hadi la nyuma. Waya wa tundu la mbele hupita katikati ya vyombo vingine ukiokota kelele njiani.

Jambo lingine ni rekodi yenyewe. Wimbo ulionakiliwa kwa simu kutoka spika ya redio hautakuwa safi hata mkinunua mashine ya bei gani.

Basi kisanduku cha nje kinafaa lini? Kwanza, tundu la kompyuta likiwa limekufa au lina kelele zisizoisha. Hapo kitoshe kile kidogo kabisa cha USB, kidogo kama kidole gumba. Msikubali kuuziwa kikubwa. Hedifoni zenye plagi ya USB zina kifaa hicho ndani yake tayari, kwa hiyo ukizinunua umemaliza yote mawili. Pili, hedifoni zikiwa nzito kusukumwa. Angalieni alama ya Ω kwenye pakiti. Za kawaida huandikwa 16 au 32, na kompyuta yoyote huziweza. Za studio huweza kuwa 250 au 300, na hizo huhitaji amplifaya. Kikundi cha kijiji hakina haja nazo, labda mmepewa zawadi.

Tatu, na hili ndilo tunaloona ni la maana zaidi kwa vikundi, ni pale watu wengi wanaposikiliza kompyuta moja. Watu hununua waya wa kugawa, wakachomeka hedifoni nne kwenye tundu moja, kisha wanashangaa sauti imefifia. Tundu moja halikuundwa kubeba mzigo huo. Ipo amplifaya ndogo ya hedifoni yenye matundu manne, kila mtu na kitufe chake cha kuongeza na kupunguza. Mama mwenye masikio mazito anaongeza yake bila kumwumiza jirani.

Kwa kurekodi, maikrofoni ya USB huwa safi kuliko tundu la maikrofoni la kompyuta nyingi. Mkiwa na pesa kidogo tu, zianzie hapo, kwa sababu kelele ikisharekodiwa ni vigumu kuiondoa.

Siku ya kununua, bebeni kompyuta na hedifoni zenu hadi dukani, mchomeke na kusikiliza mkiwa hapo hapo. Watu wawili waende, na risiti iandikwe jina la kikundi.