Je, Wajua? Kutoka Frere Town hadi Mumbai

Je, wajua kwamba Frere Town ina undugu wa zamani na Mumbai? Wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha kijiji hiki cha Kisauni, Mombasa, mnamo 1875 ili kiwe makao ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwamo Waafrika waliolelewa Nasik, karibu na Bombay, ambayo leo ni Mumbai. Hata Sir Bartle Frere, ambaye kijiji kiliitwa kwa jina lake, aliwahi kuwa gavana wa Bombay.

Je, wajua kwamba ukipima moja kwa moja, uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, na ule wa Mumbai vimeachana kwa kilomita 4,450 hivi? Kutoka Nairobi ni kama kilomita 4,500, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa tano na nusu hadi sita.

Je, wajua kwamba saa ya ukutani inaweza kukuhadaa? India iko mbele ya Kenya kwa saa mbili na nusu. Ukiruka Nairobi saa mbili asubuhi na kukaa angani saa sita, utawakuta Mumbai wakihesabu saa kumi na nusu alasiri. Ukirudi kwa muda uo huo, ukaondoka kwao saa mbili asubuhi, utatua Nairobi saa tano na nusu, mchana haujaingia.

Je, wajua kwamba zamani mwenye kuamua urefu wa safari alikuwa upepo? Vasco da Gama alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza kuvuma, na kufikia Mei 20 alikuwa ametia nanga karibu na Calicut. Kurudi hakusubiri kaskazi. Aliondoka kisiwa cha Anjediva, pwani ya India, mapema Oktoba, akasumbuka baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wake wakifa kwa kiseyeye, na akafika Malindi Januari 7, 1499.

Je, wajua kwamba hata ndege za leo hazijaepuka utawala huo wa upepo? Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja za New York mnamo Oktoba 2018, ratiba ilikuwa saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Njia ni ile ile, kama kilomita 11,800, lakini pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi: huikabili ndege inapokwenda, huisukuma inaporudi.

Je, wajua kwamba kutoka Frere Town hadi uwanja wa Moi ni kama kilomita kumi tu kwa mstari ulionyooka? Lakini gari halina mabawa: lazima livuke daraja la Nyali, likate kisiwa, lipite Makupa ndipo lifike Changamwe. Huko hakuna kusi wala kaskazi ya kukusaidia, kwa hiyo ondoka mapema.