Saratani Huiba Damu Kama Mwizi wa Maji: Hii Dawa Humkatia Laini Aje?

Kama umewahi kuishi kwa ploti ambayo jirani alijiunganishia maji usiku bila kulipa, basi saratani tayari unaielewa nusu.

Mambo iko hivi. Uvimbe ukianza huwa mdogo sana, na unaishi kwa chakula kinachovuja tu kutoka kwa mishipa iliyo karibu. Ukitaka kupita milimita 1 ama 2, lazima uvute laini yake ya damu. Kwa hivyo unatoa protini inayoitwa VEGF, ambayo huamsha mishipa ya jirani ichipuke kuelekea kwake. Uvimbe unashiba, unapanuka, na hizo barabara mpya ndizo seli zake hupitia kwenda kwa mapafu ama ini.

Daktari wa upasuaji wa Boston, Judah Folkman, ndiye aliyesema haya mwaka wa 1971, na wenzake wengi wakamkatalia. Mwaka wa 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakaipa VEGF jina lake. Februari 2004 Marekani ikapitisha bevacizumab, dawa ya dripu inayonasa VEGF kabla haijafikisha ujumbe. Ilianza na saratani ya utumbo mpana.

Sasa hapa ndio inatuhusu. Saratani ya mlango wa kizazi ni moja ya zile zinazoua kina mama wengi zaidi Kenya. Mwaka wa 2014 yalitoka matokeo ya utafiti wa wanawake 452 ambao saratani yao ilikuwa imeenea ama imerudi. Kwa wale wa kemo peke yake, nusu walipita miezi 13. Walioongezewa bevacizumab, nusu wakafikisha miezi 17.

Karibu miezi minne. Kwa familia, hio si kitu kidogo, lakini si kupona. Mwizi akikatiwa laini moja, anatafuta ingine. Na dawa yenyewe ni bei noma, tena ina makali yake: presha kupanda, kutokwa damu, vidonda kukawia kupona, hata utumbo kutoboka.

Lakini cheki hii. Kabla saratani hii kuiva, seli hukaa miaka mingi zikiwa zimebadilika bila kupenya ndani. Hapo mwizi bado hajachimba mtaro. Nesi anapaka maji ya siki, anangoja dakika moja hivi, na palipo na shida panageuka peupe. Panagandishwa ama kuchomwa, na mara nyingi mtu anarudi home siku hio hio.

Mathe wa Kwanza akingoja hadi aanze kutokwa damu ndio apande matatu ya Kitale, safari inaweza kuishia Eldoret, kwa kemo na mionzi. Akienda mapema akiwa mzima, hapo kliniki ya karibu inaweza kumaliza hio story.

So kama umefikisha miaka 25, uwe Kwanza, Kiminini ama Kimilili, uliza kliniki yenu wanapima siku gani. Wenye HIV wapimwe mara nyingi zaidi. Na kama kuna msichana wa miaka 10 kwa nyumba, ulizia pia chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta karibu saratani zote za aina hii. Kenya imekuwa ikiitoa tangu Oktoba 2019.