Ngoma, Madinda na Lubugo: Idara Yatembelea Tamasha la Utamaduni Kamwokya

Idara yetu iliwapeleka wanafunzi kwenye tamasha la utamaduni lililofanyika katika viwanja vya Makumbusho ya Uganda, Kamwokya. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908 huko Old Kampala, yakakaa Makerere kwa muda, kisha mwaka 1954 yakapata jengo lao la sasa kando ya Barabara ya Kira. Tuliwapa wanafunzi kazi moja: wamweleze mgeni kwa Kiswahili kila watakachokiona, bila kukimbilia Kiingereza.

Ugumu ulianzia kwenye neno tulilodhani ni rahisi kuliko yote. Mswahili akisema "leo kuna ngoma", huenda anakusudia chombo, uchezaji au sherehe nzima. Kwa Waganda eŋŋoma ni chombo, na uchezaji ni amazina. Hata hivyo, Luganda nacho kina upana wake: "kula ngoma" ni kutawazwa, kwa kuwa ngoma za kifalme, Mujaguzo, ni alama ya mamlaka ya Kabaka. Kabla hatujacheka, tukumbuke kwamba sisi nasi hula kiapo.

Amadinda iliandikwa "marimba". Si kosa, lakini msomaji wa pwani huenda akafikiria kisanduku kidogo cha kupigwa kwa vidole gumba. Amadinda ina pau 12 za mbao na hupigwa na watu watatu: wawili hukabiliana na kupishanisha mapigo yao, wa tatu hushughulikia pau mbili za mwisho tu. Bila maelezo hayo, neno marimba halimfai mgeni.

Tulikaa muda mrefu zaidi kwa mafundi wa lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba. Gome huvunwa wakati wa mvua, hulainishwa, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka litanuke na kuwa laini kama kitambaa. Shina hufungwa majani ya mgomba ili gome liote tena. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005.

Kwa nini tuhangaike hivi? Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, wakati wa Idi Amin; mwaka 2005 Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Lakini wazee wengi wa Kampala walikisikia kwanza kwa askari. Ni vyema wakisikie pia kikiuliza habari za nyundo na majani ya mgomba.

Ubishi mmoja haujaisha darasani. Lubugo, wingi mbugo, linafuata njia ya ubavu na mbavu, kwa hiyo baadhi yetu tunasema "lubugo huu, mbugo hizi". Wanafunzi wengine wanashikilia "lubugo hii", kama maneno mengine ya kukopa.