Likizo ya uzazi: nani alipe?

Bado wako waajiri wanaomwuliza binti, kwenye usaili wa kazi, ataolewa lini. Msikilizaji, swali hilo lina historia ndefu.

Oktoba 1919 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilifungua mkutano wake wa kwanza mjini Washington. Wajumbe wenye kura walikuwa wanaume watupu; wanawake waliokuwamo walikuwa washauri tu. Basi vyama vya wafanyakazi wanawake, kwa mwaliko wa wenzao wa Marekani, vikafanya mkutano wao mji huo huo na kupeleka madai kwa hao waheshimiwa. Novemba ukapitishwa Mkataba Namba 3: wiki sita kabla ya kujifungua na sita baada, marufuku kumfukuza mzazi, na nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Malipo yatoke hazina ya serikali au bima. Si mfukoni mwa mwajiri! Akina mama wale waliona mbali.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 1976 ilitoa miezi miwili, ila aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Nilipoanza utangazaji, mwenzangu mmoja alirudi studio na maziwa yakimchuruzika, akamaliza mwaka bila siku moja ya kupumzika. Sheria ya 2007 ikaleta miezi mitatu yenye mshahara kamili, na likizo ya mwaka haiguswi.

Lakini mshahara huo bado anaulipa mwajiri.