Je, Wajua? Joto la Mabati Hula Betri ya Sola

Betri ya sola ya asidi hupendelea nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa kila takriban nyuzi 10 joto linapozidi hapo, umri wake hupungua karibu nusu. Mkazi wa Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, atasema hilo ni tatizo la watu wa Lodwar kwenye joto kali. Sivyo. Hewa ya nje ni ya baridi, lakini juu ya rafu iliyo chini ya mabati, saa nane mchana, ni tanuri. Bungoma, mji ulio chini zaidi, hali ni mbaya zaidi.

Na baridi ya usiku? Hupunguza umeme kidogo tu, haiui betri. Wala Kitale haifikii sifuri, kiwango ambacho chini yake betri nyingi za lithiamu hazifai kuchajiwa. Ile dhana kwamba sakafu ya saruji hunyonya chaji haina msingi kwa makasha ya plastiki ya leo. Basi shusha betri kutoka rafuni, iweke juu ya kibao, kando ya ukuta usiopigwa na jua la alasiri, mbali na jiko. Betri ya asidi ya kuongezwa maji usilale nayo chumbani: ikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka.