Ijumaa Kuu ya Malta na funzo lake kwa Kiswahili

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba neno lina dini. Mwanafunzi akisikia Idi, Maulidi au Ramadhani, huamua papo hapo kwamba maneno hayo ni ya Uislamu na kamwe hayawezi kutumika kwingineko. Wengine hupiga hatua zaidi, wakataka maneno yote yenye asili ya Kiarabu yang'olewe katika Kiswahili kama magugu. Kabla hatujashika majembe, na tuitazame kalenda ya kisiwa kimoja cha Bahari ya Mediterania.

Malta, iliyo kusini mwa Sicily, ni nchi ndogo yenye sikukuu 14 za umma kila mwaka. Tano kati ya hizo ni siku za taifa, mojawapo ikiwa 21 Septemba, ukumbusho wa uhuru uliopatikana kutoka kwa Uingereza mwaka 1964. Nyingi za zilizosalia ni za Kanisa Katoliki, ambalo dini yake imetajwa katika katiba kuwa dini ya Malta. Tarehe 10 Februari hukumbukwa kuvunjikiwa chombo kwa Mtakatifu Paulo, kisa kisimuliwacho katika Matendo ya Mitume. Tarehe 15 Agosti ni Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Fauka ya hayo, parokia zina sherehe za watakatifu wasimamizi wao, ambapo sanamu hutembezwa mitaani, bendi zikapigwa na fataki zikang'arisha anga.

Je, Wakatoliki hawa huziitaje sikukuu zao? Pasaka kwao ni L-Għid il-Kbir, yaani Idi Kubwa. Krismasi ni Il-Milied, neno lenye mzizi mmoja na Maulidi yetu, maana yote mawili yanahusu kuzaliwa. Kwaresima huitwa Randan, jina lililotokana na Ramadhani. Siku ya mateso ya Yesu ni Il-Ġimgħa l-Kbira, ambayo tafsiri yake ni ile ile Ijumaa Kuu aitajayo Mkristo wa Mombasa au wa Kakamega. Na wapigapo magoti kusali, Mungu wao humwita Alla.

Asili ya mambo haya ni historia. Waarabu waliiteka Malta mwaka 870, na mwaka 1091 wakaja Wanorman. Watawala walibadilika, na baadaye dini ikabadilika, lakini lugha ilibaki. Waumini walichukua maneno waliyoyazoea, wakayatia maana mpya. Ndiyo sababu mkesha wa tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, Wamalta hukusanyika katika msitu wa Buskett, wakala nyama ya sungura na kuimba nyimbo ziitwazo għana. Neno hilo ni ndugu wa kughani, kitenzi wakijuacho vyema washairi wetu. Sikukuu yenyewe huitwa Mnarja, jina litokanalo na neno la Kilatini la taa. Hivyo basi, Mroma na Mwarabu hukutana katika usiku mmoja wa kuwaenzi mitume.

Hapa tahadhari yahitajika, asije mtu akanena kwamba Kiswahili nacho ni mtoto wa Kiarabu. Kimalta kilizaliwa na Kiarabu kilichosemwa Sicily, kisha kikaongezewa maneno mengi ya Kiitaliano. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na ngeli zake ni ushahidi tosha. Kwa Kiarabu kilikopa tu. Tazama siku za juma. Jumatano ni ya tano ukihesabu kutoka Jumamosi. Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu pia ni ya tano, imehesabiwa kutoka Jumapili. Juma letu lina tano mbili! Mmalta ana moja tu, Il-Ħamis, kwa kuwa hesabu yake yote ni ya Kiarabu. Mswahili alimkaribisha mgeni bila ya kumfukuza mwenyeji.

Walimu wa Kiswahili wana wajibu wa kuwaeleza wanafunzi tofauti hii baina ya kuzaliwa na kukopa. Asiyeijua huangukia katika mojawapo ya makosa mawili: ama kukikana Kiswahili kwa kukiita cha wageni, ama kukikata viungo akidhani anakisafisha. Kimalta hakikuona haya kwa asili yake. Mwaka 2004, Malta ilipojiunga na Umoja wa Ulaya, lugha hiyo ilikuwa miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo, ikiwa na Randan yake na Milied yake.

Ikiwa Mkatoliki wa Malta huiadhimisha Pasaka kwa jina la Idi na imani yake isitikisike, sisi twaogopa nini? Neno ni mali ya yule alitumiaye, na Kiswahili ni chetu sote.